Ghala Lililokuwa Kanisa: Kumsoma George Loveless wa Tolpuddle

Kijitabu cha George Loveless kinaitwa The Victims of Whiggery. Kilitoka London mwaka 1837, na ukitulia nacho unakimaliza kwa mkao mmoja. Jina hilo kwa Kiswahili cha haraka haraka ni waathirika wa utawala wa Whig, yaani chama kilichokuwa madarakani Uingereza wakati mwandishi na wenzake watano walipofungwa na kupelekwa ng'ambo kama wahalifu. Kila ninapokikuta kikitajwa, kinatajwa kama kielelezo cha mahakamani, ushahidi katika historia ya vyama vya wafanyakazi. Watu wanachota tarehe, wanachota viwango vya mishahara, kisha wanakirudisha kabatini. Ni nadra kumwona mtu akiuliza swali ambalo sisi wa fasihi tungeuliza kwanza: huyu kibarua wa shamba, mtu wa plau, alijifunzia wapi kuandika hivi?

Jibu langu ni kwamba alijifunzia ndani ya jengo, tena jengo la udongo, ambalo kwa muda mrefu sana lilitumika kama ghala la shamba huku watalii wakipigwa picha mbele ya jengo jingine.

Kwa asiyekijua kisa, nitakipitia upesi. Tolpuddle ni kijiji cha Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwendo wa maili saba hivi kutoka mji wa Dorchester. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 vibarua wa mashamba pale walienda kwa waajiri wao kuomba nyongeza. Waliahidiwa shilingi 10 kwa wiki kama vibarua wa maeneo mengine. Wakapewa 9. Zikawa 8, zikawa 7, na wakaambiwa wajiandae kwa 6. Mtu mwenye mke na watoto, kwa shilingi 7, jamani. Mwishoni mwa 1833 wakaunda chama cha kusaidiana cha vibarua wa mashamba. Wanachama wapya waliapishwa kwenye chumba cha juu cha nyumba ya Thomas Standfield, macho yamefungwa kitambaa, na kitambaa kilipofunguliwa waliona picha ya mifupa ya mtu. Tarehe 24 Februari 1834, alfajiri, Loveless alikamatwa akitoka kwenda kazini. Mwezi uliofuata yeye, ndugu yake James, Thomas Standfield na mwanawe John, James Brine na James Hammett walihukumiwa miaka saba ya kuhamishiwa Australia.

Sasa angalia ujanja wa mashtaka. Vyama vya wafanyakazi havikuwa haramu tena. Sheria ya kuvikataza ilifutwa mwaka 1824. Kwa hiyo walifukua sheria ya 1797, iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia wa jeshi la wanamaji, inayokataza viapo vya siri. Kosa likawa kiapo. Msomaji wa Kenya hapa anatabasamu kwa uchungu, kwa sababu makosa ya viapo haramu yalivuka bahari yakaingia kwenye kanuni za adhabu za makoloni, na tunajua katika miaka ya 1950 watu walitendwa nini kwa jina la kiapo. Hata idadi ya miaka inajirudia: pale Kapenguria, Aprili 1953, Jomo Kenyatta naye alipewa saba.

Tuingie kanisani.

Mwaka 1818 Wamethodisti wa Tolpuddle walijijengea mahali pa kusalia. Loveless alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja hivi. Kuta zilikuwa za udongo, ila huu si ule wa kukandika kwenye fito tunaoujua sisi. Kule huchanganya udongo, majani makavu na maji, huukanyaga, kisha huupandisha tabaka kwa tabaka juu ya msingi wa mawe na matofali, kila tabaka likisubiri la chini yake likauke. Ukuta wa namna hiyo huwa mnene kweli, na adui yake mkubwa ni maji. Ukikingwa juu kwa paa na chini kwa msingi, unaweza kukaa miaka mia mbili. Huu umekaa.

Ni jengo la watu wasio na pesa. Udongo ulichimbwa papo hapo, na kazi ilikuwa ya mikono yao baada ya kutoka kwenye kazi ya bwana shamba. Na halikuwa jambo dogo kisiasa. Kanisa la parokia, St John's, lilikuwapo tayari kijijini, likiwa na kasisi wake na ushirika wake na wenye ardhi. Mkusanyiko wa ibada wa zaidi ya watu 20 nje ya Kanisa la Uingereza ulipaswa kusajiliwa. Maana yake kibarua aliyesali pale alikuwa ametangaza hadharani, kwa karatasi, kwamba Jumapili yake hampi mwajiri. Siku sita unachukua amri. Siku ya saba unaingia kwenye chumba ambacho hakuna anayekupangia kiti. Mimi naona hapo ndipo kesi ya 1834 ilipoanza, miaka kumi na sita kabla ya hakimu kuamka.

Ndani ya chumba hicho kulifanyika mambo mawili ambayo historia nyingi za Tolpuddle huyapitia kwa sentensi moja. La kwanza ni darasa. Wamethodisti waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake, wakikutana kila wiki kuulizana habari za roho na kutoa peni moja. Mpango huo ulizaliwa Bristol mwaka 1742, na kilichouzaa lilikuwa deni la jengo! Jumba la ibada la John Wesley lilikuwa linadaiwa. Mtu mmoja akapendekeza kila mshiriki atoe peni kwa wiki na kila watu kumi na wawili hivi wawe na mmoja wa kupita akikusanya. Baadaye Wesley akaona kwamba yule anayepita kukusanya peni anajua nani mgonjwa, nani analewa, nani anagombana na mkewe, na mpango wa fedha ukageuka kuwa mpango wa malezi.

Ukisoma kanuni za chama cha vibarua wa Tolpuddle baada ya hapo, utajikuta unacheka peke yako. Kiingilio ni shilingi moja, ada ni peni moja kwa wiki. Nyimbo chafu hairuhusiwi kuimbwa mkutanoni. Mambo ya siasa na ya dini yasizungumzwe kikao kikiendelea. Ni darasa la Kimethodisti lililotolewa kanisani na kupelekwa kwenye nyumba ya Standfield, pamoja na adabu zake zote. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye chama cha akina mama wa kanisa, kile cha kuchangiana kila Jumamosi ambako aliyechelewa anapigwa faini, analijua darasa hilo bila kufundishwa. Waendesha mashtaka walisema huu ni uasi wa siri. Kwa kweli zilikuwa taratibu za kulipia paa.

La pili ni mimbari. Loveless alikuwa mhubiri mlei. Mhubiri mlei hulipwi. Unapangiwa kwenye ratiba ya sakiti, Jumapili hii kijiji hiki, Jumapili ijayo kijiji kile, na unaenda kwa miguu. Shule aliyopata ilikuwa ndogo, lakini kwa mshahara ule ule wa shilingi 9 zinazopungua alijikusanyia vitabu vichache vya dini na kujifundisha. Mtu wa namna hiyo, akiwa amesimama miaka na miaka mbele ya watu wachovu wanaosinzia, anajifunza vitu ambavyo darasa la uandishi linavifundisha kwa ada kubwa: usiseme neno ambalo mtu wa nyuma hatalielewa, taja mahali na siku, usilie kabla ya msikilizaji hajataka kulia.

Hayo yote yamo kwenye kijitabu. Loveless haanzi na Mungu wala na haki za binadamu. Anaanza na mwaka na mshahara. Anasimulia walivyokwenda kwa waajiri, kisha kwa wakubwa wa sheria, na jinsi kasisi wa parokia, aliyekuwa shahidi wa makubaliano, alivyogeuka baadaye akakana.  Anaeleza alichosema mara ya kwanza, anaeleza alichosema mara ya pili, anasonga mbele. Mhubiri mzoefu anajua kwamba ukiwaonyesha watu uongo waziwazi, hukumu wataitoa wenyewe.

Kuna tukio la gerezani ninalolipenda kuliko yote. Kasisi wa gereza anamjia kabla ya hukumu na kumpa somo: nyinyi ni wavivu, hamridhiki, mnataka kuwaharibu mabwana zenu, na kwa kweli kibarua ana hali nzuri kuliko mwajiri wake. Loveless anajibu kwamba hilo linamwia gumu kuamini, akikumbuka jinsi mabwana hao wanavyofuga farasi wengi wasio na kazi nyingine ila kukimbiza sungura na mbweha.   Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikasema, huyu bwana ni mwandishi. Angeweza kuandika kurasa tatu za hasira juu ya mgawanyo wa mali; ameandika farasi. Na kumbuka anayejibiwa ni mhubiri mwenzake, mwenye joho na mshahara, mtu wa upande ule mwingine wa kijiji. Ni majibizano ya mimbari mbili, na ile ya udongo imeshinda.

Mahakamani mambo yalikuwa tofauti. Alipoulizwa kama ana la kusema alitoa utetezi mfupi ulioandikwa, na jaji akausoma kwa sauti ya kunong'ona kiasi kwamba watu wachache tu waliusikia. Mtu aliyezoea kusikika anasomewa maneno yake kwa mnong'ono! Kwangu mimi kijitabu cha 1837 ni utetezi ule ule unaosomwa upya, safari hii kwa sauti ya mwenyewe. Ukikisoma hivyo, utaelewa kwa nini kinasisitiza sana nani alisema nini na wapi, na kwa nini mwisho wake unaacha masimulizi na kugeuka wito kwa vibarua waungane. Hilo la mwisho wahakiki wengine huliona kama kasoro ya umbo, eti simulizi limemezwa na siasa. Lakini hiyo ni kanuni ya mahubiri. Hakuna mahubiri ya Kimethodisti yanayokwisha bila kumwita msikilizaji mbele.

Kuna mahali kinapwaya, nikiri. Sehemu ya Tasmania, ambayo wakati huo iliitwa Van Diemen's Land, ina kurasa ambazo Loveless anageuka mwandishi wa taarifa: chakula, adhabu, kazi ya minyororo barabarani, shamba la serikali. Yanahitajika, lakini sauti inapotea kidogo. Inarudi anapofika kwenye habari za mkewe. Alikuwa ameshawishiwa amwite Elizabeth avuke bahari amfuate, na akamwandikia. Kisha msamaha ukaja. Sasa afanye nini? Akipanda meli kurudi, huenda wakapishana baharini, yeye akifika Dorset na mke akifika Hobart. Kwa hiyo mtu aliyesamehewa na mfalme anakaa kusubiri barua. Aliondoka mwanzoni mwa 1837, alipohakikisha kwamba mke haji. Hakuna riwaya ya karne ile ninayoijua iliyonasa vizuri zaidi kasi ya barua ilivyotawala maisha ya watu, na hapa imenaswa kwa aya chache tu bila kelele.

Elizabeth mwenyewe, na wake wengine, kijitabu kinawapa nafasi finyu. Baada ya waume kuchukuliwa, familia ziliomba msaada wa parokia na hakimu James Frampton akahakikisha hawapewi. Wanawake hao walikuwa washirika wa kanisa lile la udongo vilevile. Walikuwa na madarasa yao, peni zao. Ningependa kusoma kijitabu chao.

Hapa lazima nimtaje E. P. Thompson, maana huwezi kuandika juu ya Wamethodisti na wafanyakazi bila kupita mlangoni kwake. Katika The Making of the English Working Class, kitabu cha 1963, Thompson anawashambulia Wamethodisti vibaya sana. Kwake dini hii iliwapa wenye viwanda mfanyakazi mtiifu anayefika kazini kwa wakati, na ikawapa maskini mahali pa kumwaga machozi Jumapili ili Jumatatu wasimwage damu. (Baba yake alikuwa mmisionari wa Kimethodisti India, ukisoma kurasa hizo unahisi kuna ugomvi wa nyumbani humo.) Kabla yake Mfaransa Élie Halévy alikuwa amesema jambo linalokaribiana, kwamba Wamethodisti waliiepusha Uingereza na mapinduzi ya mtindo wa Ufaransa.

Thompson ana hoja ukiwatazama viongozi wa juu. Konferensi ya Wesleyan, chini ya ushawishi wa Jabez Bunting, ilikuwa ya utiifu kwa serikali, na haikusimama na watu wake wa Tolpuddle. Aprili 1834 makumi ya maelfu waliandamana London kuwatetea. Kanisa lao lenyewe lilikaa kimya. Lakini Thompson anapima dini kwa mafundisho yake, na mimi nadhani angeingia pia kwenye jengo akahesabu kazi. Nani anashika daftari la fedha? Nani anafungua mlango? Nani anasimama kusema, na nani anatulia kumsikiliza? Kwenye kanisa la udongo la 1818 majibu yote ni vibarua. Fundisho lilisema tii. Chumba kilikufundisha kuendesha mkutano. Na waliofundishwa hivyo hawakuishia Tolpuddle: Joseph Arch, aliyeanzisha chama cha kitaifa cha vibarua wa mashamba mwaka 1872, naye alikuwa mhubiri mlei wa Kimethodisti, wa tawi la Primitive.

Ugomvi wa nani mwenye sauti, Konferensi au washiriki, ulilipasua kanisa hilo. Mwaka 1857 makundi yaliyojitenga na Wesleyan yaliungana kuwa United Methodist Free Churches, na ni hao, si Konferensi ya Bunting, waliomtuma Thomas Wakefield pwani ya Kenya pamoja na Ludwig Krapf na kufungua Ribe mwaka 1862. Kwa hiyo Mmethodisti wa Kilifi akikuuliza Tolpuddle inamhusu nini, mwambie ukoo wake wa imani umetoka upande wa waliogombana kuhusu jambo hilo hilo.

Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1860, Tolpuddle walipata kanisa jipya. La matofali, kando ya barabara, jengo la kuonekana. Ndilo linalotumika mpaka leo. Mwaka 1912 mbele yake likasimamishwa lango la tao la mawe kwa kumbukumbu ya wale sita, likafunguliwa na Arthur Henderson, mwanasiasa wa chama cha Labour na Mmethodisti. Mwaka 1934, miaka mia ya hukumu ilipotimia, shirikisho la vyama vya wafanyakazi likajenga nyumba sita ndogo kwa ajili ya vibarua wastaafu, kila moja na jina la mfungwa mmoja, na jumba la makumbusho likawa humo. Kila Julai kuna tamasha, bendera, hotuba, bendi.

Lakini angalia tarehe. Baada ya kurudi kutoka Australia, watano kati ya wale sita walikaa kwa muda kwenye mashamba ya Essex yaliyokodiwa kwa michango ya umma, na katikati ya miaka ya 1840 wakahamia Kanada, karibu na mji wa London katika Ontario, ambako walinyamaza kabisa kuhusu yaliyowapata. Loveless alifia huko mwaka 1874. Kanisa la matofali lilipojengwa, walikuwa wamevuka Atlantiki miaka mingi. Tao la heshima limesimama mbele ya jengo ambalo Loveless hakuwahi kuhubiri ndani yake. Lile alilohubiri lilikuwa mita chache tu kutoka hapo, likiwekwa vitu vya shamba.

Sisemi kuna mtu alikusudia ubaya. Hivi ndivyo historia za makanisa zinavyoandikwa kila mahali, na ndiyo maana kisa hiki kinanikera. Kazi yangu ya uandishi wa habari imenipitishia mkononi vijitabu vingi vya jubilei, vile vya kurasa arobaini vyenye picha ya askofu kwenye jalada. Mpangilio wake unaweza kuukariri: salamu za askofu, salamu za mbunge, orodha ya wachungaji waliohudumu, kisha aya moja isemayo kanisa lilianza chini ya mti, likahamia kwenye nyumba ya udongo, na kwa neema ya Mungu sasa lina jengo la kudumu. Nyumba ya udongo inapewa sentensi moja, kama aibu ya utotoni. Jengo la kudumu linapewa kurasa kumi, bei ya mabati, majina ya wafadhili, picha ya kukata utepe. Na bado ukiwakalisha wazee wakusimulie, watakusimulia la udongo: nani alibeba maji ya kukandia, nani alifukuzwa na baba yake kwa kuingia humo, nani alijifunza kusoma humo akiwa na miaka hamsini. Hayo hayachapishwi. Jengo la mawe ni rahisi kuandikia kwa sababu limeshajiandika lenyewe, lina jiwe la msingi na tarehe juu yake.

Filamu ya Bill Douglas, Comrades, ya katikati ya miaka ya 1980, ilijaribu njia nyingine. Ni ndefu, karibu saa tatu, na anayetubebea kisa ni mwonyeshaji wa taa ya picha, fundi wa burudani wa kabla ya sinema, anayejitokeza tena na tena kwa sura tofauti. Niliipenda kwa uvumilivu wake na uso wa watu wake. Ila hata humo jicho linavutwa zaidi na mwanga wa fundi yule kuliko na kazi ya kawaida ya watu kukutana kila wiki na kutoa peni. Labda peni haipigwi picha vizuri.

Karne hii wanakijiji wameunda taasisi ya udhamini, ghala limenunuliwa, na fedha za urithi zinazotokana na bahati nasibu ya taifa zimeingia kwenye ukarabati. Serikali ilikuwa imeshaliorodhesha kama jengo la kihistoria la daraja la pili lenye nyota, ambalo si daraja la mchezo. Ninachojiuliza kama msomaji ni watakachokiweka ndani. Kishawishi kitakuwa mabango ya maelezo na sauti ya mwigizaji ikisoma kijitabu. Kijitabu kiwepo, sawa. Lakini ningetaka pia kanuni za chama zibandikwe kando ya kanuni za darasa, shilingi kando ya shilingi, peni kando ya peni, bila maelezo yoyote. Na chumba kibaki kitupu kadiri inavyowezekana, ili mtu asimame mbele, aseme neno kwa sauti ya kawaida, asikie linavyofika hadi ukuta wa nyuma.

Amebaki James Hammett. Yeye ndiye pekee aliyerudi Tolpuddle akaishi hapo, na ndiye pekee kati ya sita anayeweza kuwa ameyaona majengo yote mawili yakiwa na kazi zake tofauti, moja likijaa waumini na jingine limekwisha kuwa la shamba. Inasemekana usiku wa kiapo aliyekuwapo alikuwa ndugu yake John, na James akanyamaza akabeba kifungo. Aliporudi aliacha kilimo akawa kibarua wa ujenzi. Hakuandika kijitabu. Alikufa mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester, akazikwa Tolpuddle kwenye uwanja wa St John's, kanisa la kasisi yule aliyekana ahadi. Jiwe lake la kaburi lilichongwa na Eric Gill, mmoja wa wachongaji waliosifika sana Uingereza, na liliwekwa mwaka 1934. Kwa miaka arobaini na mitatu kabla ya hapo, kaburi la fundi mjenzi huyo halikuwa na jiwe hilo.